Safu ya Waitikiaji: Wachezaji wa Kawaida katika Historia ya Beni, kutoka Pwani hadi Katanga

1. Utangulizi

Neno ngoma katika Kiswahili ni neno pana. Ngoma ni chombo kinachopigwa. Ni uchezaji wa miili inayofuata mapigo. Na tena ni mkutano mzima wa watu waliokusanyika kuimba, kuvaa, kuigiza na kushindana. Kitenzi kucheza nacho hakina mipaka myembamba: mtoto hucheza, mwana dansi hucheza, na mwigizaji naye hucheza. Lugha za Ulaya zimezigawa kazi hizi katika nyumba tatu, yaani muziki, dansi na tamthilia, kisha zikalazimika kubuni jina la nne kwa onyesho linalozirudisha pamoja mbele ya watazamaji. Mswahili hakuhitaji jina hilo la nne. Alipokwenda ngomani alijua kwamba atasikia wimbo, ataona mwendo wa miguu, na atashuhudia kisa kikiigizwa.

Miongoni mwa ngoma za namna hiyo, beni ndiyo iliyosafiri mbali kuliko nyingi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia Tanganyika, ikavuka mpaka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na ikafika katika kambi za wafanyakazi wa Katanga. Wataalamu wameiandikia vya kutosha, hasa baada ya Terence Ranger kutoa kitabu chake mwaka 1975. Hata hivyo, msomaji wa maandishi hayo hukutana sana na watu wa aina moja: Kingi, Jenerali, Gavana, Daktari. Hao ndio waliovaa mavazi ya kushangaza, na ndio ambao majina yao yaliingia katika majalada ya polisi.

Makala haya yanageuza macho kutoka kwa wenye vyeo na kuyaelekeza kwenye safu, yaani kwa wachezaji wa kawaida waliosimama bega kwa bega, wakapiga hatua pamoja na kuitikia pamoja, bila mmoja wao kutajwa kwa jina. Hoja yake ni mbili. Kwanza, nguvu ya beni ilikaa katika safu kuliko katika vyeo, na wale waliokitafuta kichwa cha beni wakadhani wameipata beni yenyewe walikosea. Pili, safu hiyo ilikuwa na haki moja iliyoitofautisha na gwaride la askari, nayo ni haki ya kutoitikia. Kwa wasomaji wa Kongo, waliowahi kuishi chini ya ngoma za amri au kulelewa na wazazi waliozicheza, hoja hii ya pili si ya wakati uliopita tu.

2. Chimbuko la pwani

Beni ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, lililovikwa vazi la Kiswahili. Sauti ya d mwishoni imeanguka, irabu i imeongezwa ili neno liishie kama maneno mengine ya Kiswahili, na irabu ya katikati imekuwa e. Neno lilipoingia bara likawa mbeni, na umbo hilo nalo lina sababu yake. Katika Kibemba, sauti b iliyo kipasuo husikika baada ya nazali tu. Penginepo hulainika hadi kukaribia w. Huenda basi m hiyo ya mwanzo ni njia ya kuihifadhi b ya pwani katika kinywa cha mtu wa bara. Hivyo historia ya safari ya ngoma hii imeandikwa ndani ya jina lake.

Kilichokuwa kigeni katika beni kilikuwa bendi: tarumbeta, ngoma kubwa ya kijeshi, mwendo wa gwaride. Watu wa pwani walikuwa wameyaona hayo kwa Sultani wa Unguja, katika meli za kivita na katika makazi ya misheni ya watumwa walioachwa huru, kama vile Freretown karibu na Mombasa, yaliyoanzishwa mwaka 1875. Lakini mashindano yenyewe hayakuwa mageni hata kidogo. Mji wa Lamu ulikuwa tangu zamani umegawanyika pande mbili, Mkomani na Langoni, na kila upande ulitaka kuushinda mwingine kwa mashairi, kwa ngoma na kwa karamu. Mombasa nayo ilikuwa na mgawanyo wake wa Mataifa Matatu na Mataifa Tisa. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 juu ya pwani ya Tanganyika ya karne ya 19, ameonyesha jinsi karamu na ngoma zilivyokuwa uwanja ambamo watu wa hali ya chini walidai kuhesabiwa kuwa watu wa mji.

Ni muhimu kulishika jambo hilo. Mtu aliyetoka bara, au aliyezaliwa utumwani, hakuweza kujipa nasaba. Aliweza kujipa nafasi katika ngoma. Akisimama katika safu ya upande fulani, akalipa mchango wake na kuujua wimbo, alikuwa na watu wa kumwita mwenzao. Methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa" ina upande wake wa pili: anayetunzwa mchezoni anathibitishiwa kwamba hapo ndipo kwao.

Wanawake hawakubaki nyuma. Margaret Strobel, aliyechunguza maisha ya wanawake Waislamu wa Mombasa na kuchapisha kazi yake mwaka 1979, ameeleza vyama vya lelemama vilivyoshindana kama beni za wanaume zilivyoshindana. Katika lelemama wachezaji husimama katika mstari mmoja na kucheza kwa miondoko ya taratibu, na uzuri wa mchezo hauonekani kwa mchezaji mmoja bali kwa mstari mzima. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada viliwaleta pamoja wanawake wa asili mbalimbali, wakiwamo wazao wa watumwa, na kuwapa vyeo, wajibu na wapinzani. Humo safu ilikuwa kama mtaa wa pili.

3. Vita na safari ya kuingia bara

Katika Tanganyika beni iligawanyika pande mbili zilizojulikana sana: Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini ilihesabiwa kuwa ya watu wenye hali, makarani na watu wa mjini waliojivunia usafi na mavazi. Arinoti ilikusanya zaidi watu wa kazi za chini na wageni kutoka bara. Mgawanyo huu haukufuata kabila. Mtu aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine aliweza kuitafuta Marini au Arinoti ya huko, akapokewa, akalishwa na kuoneshwa mahali pa kulala. Mwenzao akifa, kundi lilisaidia mazishi. Kabla ya kuwapo kwa vyama vya wafanyakazi na vyama vya siasa, mtandao huo ulikuwa jambo kubwa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipa beni miguu mirefu. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji waliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa askari na hasa wapagazi. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora Septemba 1916. Katika kambi na njiani, watu wa Nyasaland walikutana na watu wa pwani, na watu wa Maniema walikutana na Wanyamwezi. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya maongezi. Beni ilikuwa burudani ya jioni. Vita vilipokwisha, waliosalia walirudi makwao na vitu viwili visivyotozwa ushuru: lugha na ngoma.

Kila nchi iliipokea ngoma hiyo kwa vyombo vyake. Kaskazini mwa Nyasaland zilitokea mganda na malipenga, ambamo tarumbeta za shaba zilibadilishwa na vibuyu vyenye utando mwembamba, vinavyokuza sauti ya mtu anayeimba ndani yake. Mwendo wa gwaride ulibaki, na safu zilizonyooka zilibaki, ila sauti ilikuwa ya mashambani. Katika Rhodesia ya Kaskazini mbeni ilishika mizizi kwenye miji ya shaba.

Katanga haikuweza kukwepa mkondo huo. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wafanyakazi wa migodi iliandikwa Rhodesia ya Kaskazini na nchi jirani, hadi kampuni ilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1920, siasa ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao kwa muda mrefu na kuwatafuta zaidi ndani ya Kongo na Ruanda-Urundi. Watu hao walikuja na mbeni yao. Katika kambi za Elisabethville za miaka ya baada ya vita, wakubwa wa Serikali waliziona ngoma zenye vyeo vya Kizungu na mavazi ya kijeshi, wakazitilia shaka. Wakati huohuo, Kiswahili kilikuwa kinashika nafasi yake kama lugha ya kazi ya Katanga, jambo ambalo Johannes Fabian amelichunguza kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1986. Si kusema kwamba ngoma ndiyo iliyoleta lugha. Ila haifai kusahau kwamba mahali pamoja ambapo mfanyakazi alikisema Kiswahili kwa hiari yake, akakiimba na kukikariri bila msimamizi, palikuwa uwanja wa ngoma.

4. Kazi za safu: mwili, sauti na mfuko

Mchezaji wa kawaida wa beni alitoa vitu vitatu: mwili wake, sauti yake na fedha zake. Kila kimoja kinastahili kutazamwa peke yake.

Kwanza, mwili. Hatua za gwaride hazijulikani kwa siku moja. Zilihitaji mazoezi, na mazoezi yalihitaji saa maalumu, mahali maalumu na mtu wa kusahihisha. Jambo la kutafakari ni hili: wanaume hao walikuwa tayari wamechoshwa na filimbi ya kapita na kengele ya kazi siku 6 za juma. Siku ya 7 walijipanga tena katika mistari, wakafuata filimbi nyingine. Mtazamaji wa haraka angesema kwamba walikuwa wamezoea utumwa hata wakaucheza. Lakini filimbi ya ngomani waliichagua wenyewe, na aliyeipuliza walimweka wenyewe. Utaratibu uleule uliotumika kazini kuwafanya wawe mikono isiyo na majina, ngomani uliwafanya kuwa kundi lenye jina.

Ushahidi ulio wazi kuhusu sura ya kundi la namna hii umetoka katika kalela, ngoma ambayo J. Clyde Mitchell aliitazama mjini Luanshya mwaka 1951 na kuieleza katika kijitabu cha mwaka 1956, akiihesabu kuwa mrithi wa mbeni. Kundi lilikuwa la vijana wa Kibisa wapatao 20, wafanyakazi wa kawaida, waliocheza siku za mapumziko. Walivaa suruali zilizopigwa pasi vizuri, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa. Ngoma zao zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Alikuwapo Mfalme mwenye suti, asiyecheza; Daktari katika joho jeupe lenye msalaba mwekundu; na Nesi, mwanamke pekee katika kundi, aliyepita na kioo na kitambaa ili wachezaji wajitazame na kufutwa jasho.

Katika picha hiyo, watu wengi wamemkumbuka Daktari na Mfalme. Lakini mtazame Nesi: kazi yake yote ilikuwa kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wakitoka jasho. Kioo hakikubebwa kwa ajili ya Mfalme. Mpango wote wa vyeo ulizunguka wachezaji hao, ukawahudumia ili waonekane watanashati mbele ya watu, na hasa mbele ya wasichana waliokuja kutazama.

Pili, sauti. Nyimbo za beni na jamaa zake huimbwa kwa kupokezana: mmoja huanza, wengi huitikia. Katika maandishi, mwanzishi hupewa heshima ya mtunzi, na waitikiaji huhesabiwa kuwa mwangwi wake. Aliyewahi kusimama ngomani anajua kwamba mambo sivyo. Mwanzishi anaweza kutoa beti kumi. Ile ambayo kundi halikuipokea hufia palepale, wala haitaimbwa Jumapili ijayo. Kiitikio ni kura. Kinapopokelewa kwa nguvu, maneno ya mtu mmoja yanageuka kuwa kauli ya wengi, na pia yanapata kinga, kwa maana hakuna awezaye kukamatwa peke yake kwa neno lililosemwa na vinywa 20. Nyimbo za kalela zilikebehi makabila mengine hali makabila hayo yamesimama pembeni yakitazama na kucheka. Kebehi hiyo ingetoka kwa mtu mmoja baa, ingeleta ngumi. Ilipotoka kwa safu iliyopangika ilikuwa mchezo.

Tatu, mfuko. Mavazi, vyombo na karamu viligharimu fedha. Huko pwani mashindano ya kuchinja na kulisha yaliweza kuwaingiza watu katika madeni. Michango ya wachezaji wa kawaida ndiyo iliyomvisha Kingi suti yake. Basi Kingi hakuwa na mali iliyomwezesha kuwatawala. Alikuwa na mali ya wengine iliyomlazimu kuwaheshimu. Katika mambo haya matatu kuna aina ya katiba isiyoandikwa. Aliyechoka kusahihishwa vibaya, au aliyeona mchango wake unaliwa, aliweza kuhamia upande wa pili wa mashindano, na upinzani ulikuwapo siku zote kumpokea.

5. Mwaka 1935: Serikali inakitafuta kichwa

Mwezi wa Mei 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini waligoma. Kodi katika maeneo ya migodi ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 12 na peni 6 hadi shilingi 15, na mabadiliko hayo yalitangazwa kwa ghafla. Mgomo ulianza Mufulira, ukafuata Nkana, kisha ukafika Roan Antelope mjini Luanshya. Huko, tarehe 29 Mei, polisi walifyatua risasi juu ya umati, na watu 6 wakafa.

Tume iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo ilisikia ushahidi mwingi juu ya Mbeni. Baadhi ya mashahidi waliamini kwamba vikundi vya ngoma ndivyo vilivyoeneza habari na kuwaunganisha wagomaji. Mwisho wake tume iliona kwamba kilichowasha moto kilikuwa namna kodi ilivyotangazwa. Lakini maswali yenyewe yana mafunzo. Serikali ilitaka kujua ni nani Mfalme wa Mbeni, nani Jenerali wake, na kama Jenerali huyo alitoa amri. Ilifikiri kama jeshi linavyofikiri: mwili hauendi pasipo kichwa.

Ikiwa yaliyosemwa juu ya safu ni sahihi, basi hapakuhitajika amri. Watu waliozoea kukutana kila juma, wanaojuana kwa sura na kwa sauti, waliotoka katika kambi tofauti na vijiji tofauti, waliojifunza kuanza pamoja na kunyamaza pamoja, wana tayari chombo mikononi mwao. Habari ya kodi ikipita mahali hapo haihitaji Jenerali; inahitaji kupokelewa tu, kama ubeti unavyopokelewa. Huu ni ufafanuzi, wala si ushahidi wa mahakamani, na haufai kuifanya kila ngoma kuwa chama cha siri. Wengi walicheza kwa sababu ya raha tu. Hata hivyo unaeleza kwa nini wakubwa wa Rhodesia, wa Tanganyika na wa Kongo waliendelea kuiogopa ngoma ambayo hawakuwahi kuthibitisha kosa lake. Walihisi nguvu, wakaitafuta mahali ambapo haikuwapo.

6. Mjadala wa kuiga

Tangu awali beni imeulizwa swali moja: je, ilikuwa kuiga Wazungu? Mitchell aliona katika mavazi ya kalela dalili kwamba maisha ya Kizungu yalikuwa kipimo cha heshima mjini. Bernard Magubane alimpinga vikali mwaka 1971, akisema kwamba mtafiti anayehesabu suti na viatu bila kuutaja ukoloni amepima kivuli na kuuacha mti. Ranger naye alionyesha kwamba mashindano ya pwani yalitangulia bendi, na kwamba bendi iliingizwa ndani ya mashindano hayo kama chombo kipya cha kazi ya zamani.

Mjadala huo una faida, lakini pande zote zimeyakazia macho mavazi ya wachache. Suti ya Mfalme yaweza kusomwa kuwa heshima kwa Mzungu au kuwa dhihaka kwake, na msomaji hatapata njia ya kuamua. Safu haina utata huo. Viatu 20 vilivyong'arishwa sawasawa haviigi mtu yeyote. Vinasema kwamba hawa 20 wamekubaliana. Kwa jicho la mchezaji wa kawaida, swali la kwanza halikuwa "tunafanana na nani?" bali "tumefanana sisi kwa sisi?" Usawa wa hatua na wa mavazi ulikuwa kazi yao, na sifa yake ilikuwa yao.

7. Safu iliyoamriwa

Wasomaji wa Kongo wanayo kumbukumbu nyingine inayofaa kulinganishwa na hii. Baada ya kuundwa kwa chama cha MPR mwaka 1967, na hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ulijenga kile ambacho watu wa rika hilo wanakikumbuka kwa jina la Kifaransa la animation politique. Rais alikuwa ametembelea China na Korea ya Kaskazini, akapendezwa na maonyesho ya halaiki ya huko. Wafanyakazi wa mashirika ya Serikali, wanafunzi na raia wa mitaani walipangwa katika makundi, wakavishwa sare, wakafundishwa nyimbo na hatua za kumsifu kiongozi na chama. Viungo vyote vya beni vilikuwamo: mistari, mavazi, kupokezana, hata mashindano baina ya mikoa na mashirika.

Kilichokosekana ni kimoja. Mchezaji hakuweza kutoitikia. Mtunzi wa wimbo hakuogopa kwamba ubeti wake utafia mdomoni; mlangoni alikuwapo aliyeandika majina ya wasiofika. Hapakuwa na upande wa pili wa kuhamia. Mchango haukumfunga aliye juu, kwa sababu hakuwa ameupokea kwa hisani ya waliochanga. Kwa mtazamaji wa mbali, safu ya 1925 na safu ya 1975 zinafanana kabisa, na ya pili huenda ilinyooka zaidi. Lakini ya kwanza ilikuwa kundi, na ya pili ilikuwa hesabu ya watu.

Hata hivyo ukweli unadai kuongeza neno. Wako waliocheza katika makundi hayo ambao baadaye waliikiri raha waliyoipata: urafiki wa mazoezini, safari za miji mingine, furaha ya mwili unaoenda sawa na miili mingine. Haifai kuwabeza. Raha hiyo ni ileile ya beni, na ndiyo sababu utawala uliitamani na kuichukua. Anayetaka kuwatawala watu kwa ngoma hachagui ngoma mbaya. Huchagua wanayoipenda, kisha huwaondolea ruhusa ya kuiacha.

8. Tamati

Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na utawala wake ukaanguka mwaka 1997. Ngoma za hiari hazikungoja tarehe hizo. Mjini Lubumbashi, vikundi vya wimbo na vichekesho kama JECOKE, vijana wa mtaa wa Kenya, vilikuwa vimejenga mapokeo ya mchezo wa mjini tangu zamani za ukoloni, na kundi la Mufwankolo lilikuwa limeingia nyumbani mwa watu kwa redio na televisheni. Mwaka 1986, kundi hilo lilitunga igizo juu ya methali inayosema kwamba madaraka huliwa mazima, na likapigwa picha kijijini Kawama. Fabian, aliyekuwapo, ameeleza katika kitabu cha mwaka 1990 jinsi igizo lilivyozaliwa pasipo maandishi: wachezaji walijadiliana maana ya methali, wakakubaliana juu ya mfuatano wa matukio, kisha maneno yakapatikana mazoezini, kwa Kiswahili cha Shaba. Mufwankolo si mtoto wa moja kwa moja wa mbeni. Lakini katika nchi ambayo wimbo wa umma ulikuwa wa amri, hapo palikuwa na kundi ambamo neno lilipaswa kupokelewa na wenzako kabla halijafika kwa watazamaji.

Historia ya ngoma zetu imeandikwa kwa kufuata majalada, na majalada yalifuata vyeo. Waliosimama katika safu za mbeni za Elisabethville wametangulia mbele ya haki, na majina yao hayatapatikana. Waliosimama katika safu za miaka iliyofuata wangali wako wengi: katika kwaya, katika vikundi vya maigizo vya mitaa, katika makundi yale ya amri. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda kuwahoji huwa na mazoea ya kuuliza nani alikuwa kiongozi na nani alitunga wimbo. Maswali hayo yana haki yake. Ila na aongeze mawili mengine: wewe ulisimama wapi, na kama wimbo haukukupendeza, uliweza kunyamaza? Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayotuambia ni ngoma ya namna gani iliyokuwa ikichezwa.